Mtamba wa ngamia anapomkataa ndama wake

NI ALFAJIRI, mvua za masika zimeanza, na simu inalia katika nyumba moja mtaani Eastleigh, Nairobi. Aliyepiga ni mchungaji aliye malishoni karibu na Griftu, magharibi mwa mji wa Wajir, naye ana habari mbili: mtamba amezaa salama usiku, na mtamba hamtaki ndama. Kila ndama anapojikokota kuelekea kiweleni, mama hurusha teke, hugeuka na kwenda zake. Mwenye ngamia ni mwuza nguo ambaye hajakaa malishoni tangu utotoni. Anaulizwa wafanyeje, naye hajui la kusema.

Wakazi wengi wa miji yetu walio na asili ya Kaskazini Mashariki wanaifahamu simu ya namna hiyo. Wana duka Garissa au Nairobi, lakini mali ya ukoo, au sehemu yake, bado inatembea kwa miguu minne huko Wajir. Wengine hawakurithi kitu. Wamenunua ngamia watatu au wanne kwa sababu maziwa ya ngamia yamepata soko mjini, wakamwachia binamu kazi ya kuchunga. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4 nchini Kenya, wengi wao wakiwa katika kaunti za kaskazini.

Hasara inayonyemelea nyuma ya simu hiyo si ndogo. Ngamia hubeba mimba kwa takriban miezi 13, na kwa kawaida huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka mitano hivi. Baada ya hapo hukaa kama miaka miwili kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo mtu aliyenunua ndama jike amengoja miaka mingi ili aone kikombe cha kwanza cha maziwa, na ndama wa kwanza akifa mara nyingi maziwa nayo hukatika. Huko malishoni, maziwa hayo ndiyo chakula cha watoto wakati mbuzi na ng'ombe wamekwisha kukauka viwele. Ndiyo sababu suala hili, ambalo laonekana kuwa la daktari wa mifugo peke yake, limepata nafasi katika ukurasa wa afya.

Ni hofu, si roho mbaya

Jambo la kwanza la kumwambia mchungaji kwenye simu ni kwamba mtamba huyo hana laana wala roho mbaya. Anaogopa, na tena anaumwa.

Fikiria hali yake. Hajapata kuzaa. Kiwele ambacho maisha yake yote kilikuwa kitu kidogo tu, sasa kimevimba na ngozi yake imevutika, hata mguso mdogo unamwuma. Kisha, baada ya uchungu ambao hakuujua kabla ya hapo, kiumbe chenye miguu mirefu na harufu ngeni kinaanguka nyuma yake, kinalia, na kinataka kumshika mahali pale pale panapouma. Teke analorusha ni la mnyama aliyeshtuka.

Aliyefuga mbwa mjini ameiona hali hiyo kwa sura nyingine. Mbwa anayezaa mara ya kwanza, watoto wa mtaa wakijazana mlangoni mwa kibanda chake, huhangaika, huwabeba watoto wake huku na huku kwa mdomo, huwalalia na pengine huwaua kabisa. Akiwekwa mahali pakavu, penye giza na kimya, akawa na mtu mmoja tu aliyemzoea, mara nyingi hutulia mwenyewe na kuanza kunyonyesha. Ngamia si mbwa, lakini kuhusu hofu na utulivu wanafanana.

Kinachomfanya mama ashikamane na mtoto kimechunguzwa sana kwa kondoo. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba njia ya uzazi inapotanuka mtoto akipita, habari hupelekwa kwenye ubongo, na ubongo humwaga homoni iitwayo oksitosini. Homoni hiyo humfanya mama avutwe na harufu ya mtoto, aikubali na kuikumbuka. Lakini hali hiyo haidumu. Kwa kondoo, mtoto akiondolewa mara tu anapozaliwa, baada ya saa chache mama hupoteza hamu naye. Kondoo waliokwisha zaa mara kadhaa hushikamana na mtoto upesi. Yule wa uzazi wa kwanza huchelewa, kwa maana ubongo wake ndio kwanza unajifunza kazi hiyo.

Oksitosini hiyo hiyo ndiyo inayoshusha maziwa. Nayo ina adui wake, yaani adrenalini, homoni ya hofu. Mnyama akipigwa, akifokewa au akizungukwa na watu, adrenalini hupanda na oksitosini hushindwa kufanya kazi. Hapo mambo mawili huharibika kwa pamoja: mama hazidi kumpenda mtoto, na maziwa hayashuki. Mchungaji anayemchapa mtamba kwa fimbo ili amkubali mwanawe anajiongezea shida mwenyewe. Kwa bahati mbaya ndilo jambo ambalo kijana wa kuajiriwa, asiyekulia kwenye ngamia, hulifanya kwanza.

Ngamia halambi

Hapa pana jambo ambalo waliozoea ng'ombe na mbuzi huwa hawalijui. Mbuzi, ng'ombe, mbwa na paka wote huwalamba watoto wao wakizaliwa. Ngamia halambi. Humnusa ndama, humgusa kwa midomo, hutoa sauti ya chini ya kunguruma, na basi. Zalio pia hana desturi ya kulila. Mtu wa mjini aliyekwenda kuangalia mali yake humwona ndama akiwa bado amelowa, mama amesimama tu, akadhani amekwisha kataliwa. Akaingilia kati kwa pupa, akamwinua ndama, akamsukuma kiweleni, na kwa kufanya hivyo akaleta kukataliwa ambako hakukuwako.

Kwa hiyo msimhukumu mapema. Ngamia anayesimama karibu na ndama, anayemnusa na kumngurumia, na ambaye hugeuka ndama akilia, ameanza kumkubali. Anayekataa hujulikana kwa mambo mengine: huondoka kufuata wenzake bila kutazama nyuma, hajibu sauti ya ndama, au humwuma na kumpiga teke kila anapokaribia. Yule anayeruka pale tu kiwele kinapoguswa, lakini anarudi kunusa, huyo hajakataa mtoto. Kiwele kinamwuma, na dawa yake ni tofauti kama tutakavyoona.

Kwa kuwa mama halambi, kazi ya kumkausha ndama hubaki kwa jua na upepo. Ndama wa ngamia huzaliwa akiwa amefunikwa na utando mwembamba sana ambao hukauka na kupukutika wenyewe. Hauna madhara, ila ukiziba pua au mdomo sharti uondolewe kwa vidole mara moja. Akizaliwa usiku wa mvua, na wengi huzaliwa majira ya mvua, afutwe kwa gunia kavu na kukingwa na upepo. Wageni wa eneo hilo hudhani Wajir hakuna baridi. Ndama aliyelowa saa tisa usiku hangekubaliana nao.

Saa za kwanza

Mtamba akiwa mzima, kuzaa kwenyewe hakuchukui muda mrefu. Miguu miwili ya mbele ikishaonekana, kichwa kikiwa kimelala juu yake, kwa kawaida ndama hutoka katika muda usiozidi saa moja. Ndama mwenye afya husimama ndani ya saa moja au mbili na kuanza kutafuta chuchu.

Katika muda huo mchungaji hana kazi nyingi. Asafishe pua na mdomo wa ndama. Apake kitovu dawa ya iodini, kwani vijidudu vingi vinavyomwua ndama katika wiki za kwanza huingilia hapo. Kisha arudi nyuma hatua kadhaa, akae chini na anyamaze. Watoto, mbwa na majirani wanaokuja kupongeza waondolewe. Simu ya picha kwa mwenye mali aliye mjini inaweza kungoja, hasa ile yenye taa ya kumulika.

Asimwoshe ndama. Aliyeoshwa kwa maji na sabuni amepoteza harufu ambayo mama ndiyo kwanza anaishika. Akihitaji kuhamishwa kivulini, abebwe chini chini, mama akimwona na kumnusa, na mbebaji aende polepole akisimama kila baada ya hatua chache.

Jambo jingine ni kundi. Ngamia hapendi kubaki peke yake. Asubuhi ikifika na kundi likaondoka kwenda malishoni, mtamba hulazimika kuchagua kati ya wenzake aliowajua miaka mitano na mgeni aliyemjua saa tatu. Wengi huchagua wenzake. Ni heri abakizwe pamoja na jike mmoja au wawili watulivu waliokwisha zaa, ndani ya uzio wa miiba, akiwa na maji na majani ya kutosha. Uzio huo pia ni kwa ajili ya fisi.

Maziwa ya kwanza hayana mbadala mwepesi

Saa hizi zina umuhimu mwingine ambao hauonekani kwa macho. Binadamu hupata sehemu ya kinga ya mama yake angali tumboni. Ndama hapati. Huzaliwa bila kinga yoyote ya maana, na yote anayoihitaji imo katika maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ambayo Wasomali huyaita dambar. Utumbo wake unaweza kuipokea kinga hiyo kwa muda mfupi tu. Uwezo huo ni mkubwa katika saa sita za kwanza, hupungua kadiri muda unavyokwenda, na baada ya siku moja huwa umekwisha. Dang'a atakayopewa kesho kutwa itamshibisha, lakini haitamkinga.

Kuna imani iliyoenea miongoni mwa wafugaji kwamba dang'a nyingi humharisha ndama, na kwa hiyo humruhusu anyonye kidogo tu, iliyobaki ikamwagwa. Si busara kuwacheka wazee wanaojua ngamia kuliko sisi wa mjini. Ndama anayeachiwa kunywa kupita kiasi kwa mara moja anaweza kweli kuharisha kidogo. Lakini kuhara kunakoua hutokana zaidi na vijidudu vya uchafu vinavyomkuta ndama asiye na kinga, yaani yule aliyenyimwa dang'a. Kwa jambo hili desturi inahitaji kubadilishwa, na wenye ngamia walio mjini, ambao hulipa mishahara ya wachungaji, wana nafasi ya kulisema.

Kiasi cha kutosha ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa ndama kwa siku ya kwanza. Ndama wa kilo 30 apate lita tatu, zikigawanywa mara nne au tano, na ya kwanza mapema iwezekanavyo. Ikiwa mama bado anapiga teke, akamwe na ndama anyweshwe kwa chupa ya soda iliyofungwa chuchu ya mpira, kichwa cha ndama kikiinuliwa kiasi tu cha kunyonya kawaida, si kutazama mbingu, maana maziwa yakiingia mapafuni humwua. Akishindwa kukamwa kabisa, itafutwe dang'a ya ngamia mwingine aliyezaa siku hizo, na isipopatikana, ya ng'ombe au mbuzi. Dang'a hii ya ndama haichemshwi, kwa kuwa ikichemka huganda kama yai. Huwekwa chombo chake ndani ya maji ya moto mpaka ipate joto la mwili.

Kuwakutanisha

Baada ya ndama kushiba mara ya kwanza, hatari ya papo hapo imepungua na watu wanaweza kufanya kazi bila haraka. Wawe wawili, wasizidi, na wawe wale ambao mtamba amewazoea. Mmoja husimama kichwani na kumshika kamba kwa upole, akimsemesha. Wasomali wana nyimbo za kazi wanazowaimbia ngamia, kama zile za kunywesha kisimani, na ngamia aliyekulia kwenye sauti hizo hutulia akizisikia. Mchungaji asione haya kuimba.

Wa pili huanza na kiwele. Achunguze kama kuna kupe kwenye chuchu, maana kupe hupenda sana sehemu hiyo na jeraha lao linatosha kumfanya mama yeyote arushe teke. Akande kiwele taratibu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu. Akamue kidogo kila chuchu kati ya zile nne ili kutoa uchafu uliogandia kwenye tundu na kupunguza msukumo. Mara nyingi, maumivu yakipungua, nusu ya ukali huondoka. Kiwele kikiwa cha moto, kigumu, au maziwa yakitoka na mabonge au damu, hapo kuna ugonjwa wa kiwele, na anayehitajika ni daktari wa mifugo.

Ndipo ndama aletwe, kwanza kichwani kwa mama ili anuswe, si moja kwa moja kiweleni. Majimaji ya uzazi, kama bado yapo, yapakwe kichwani na mgongoni mwa ndama, kwa mkono uliovaa glavu. Yakiwa yamekauka, maziwa ya mama mwenyewe yapakwe mahali hapo, kwa sababu mama akinusa harufu yake juu ya ndama huacha kumwona mgeni. Akitulia, ndama asogezwe taratibu kando ya mbavu mpaka kiweleni. Mtamba anayerusha mateke makali anaweza kufungwa mguu mmoja wa mbele ukiwa umekunjwa, kama wafanyavyo wakamuaji, ili asiweze kuruka. Miguu ya nyuma isifungwe kwa nguvu. Akianguka atamwangukia ndama. Na anayesaidia asisimame nyuma wala ubavuni mbali kidogo, ambako teke hufika likiwa na nguvu zote. Ngamia hupiga mbele, kando na nyuma.

Zoezi hilo lirudiwe kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Katikati yake ndama akae kwenye uzio mdogo mbele ya mama, ambapo anamwona, anamsikia na anamnusa lakini hawezi kumfikia kwa teke. Wengi hulainika ndani ya siku chache. Dalili ya kwanza si kunyonyesha. Utaona ndama akilia, mama ananguruma.

Mara nyingine shida ni njaa tu. Ngamia aliyekonda, mifupa ya mgongo ikihesabika, hana maziwa na mwili wake unajiokoa kwanza. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, ambapo mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, akina mama walioacha ndama zao hawakuhitaji nyimbo. Walihitaji lishe. Mtamba kama huyo apewe majani, maji na chumvi kwanza, na ndama alishwe kwa chupa mpaka mama apate nguvu.

Mbinu za kale

Pale anapokataa kabisa, au ndama wake akifa na pana ndama mwingine yatima, wafugaji wana mbinu za tangu zamani. Inayojulikana zaidi ni ya ngozi. Ndama aliyekufa huchunwa, na ngozi yake hufunikwa juu ya yatima, au huletwa tu mbele ya mama wakati wa kukama. Mama hunusa na maziwa hushuka. Hii si hila ya kijinga. Kiwele cha ngamia karibu hakina nafasi ya kuhifadhi maziwa chini, karibu yote hukaa juu katika tezi mpaka oksitosini iyasukume, na yakishuka hubaki kwa dakika chache tu. Bila ndama, au kitu kinachonuka kama ndama, mkamuaji hupata matone.

Ziko mbinu nyingine kali, kama kumziba mama pua au kumshona kwa muda sehemu za nyuma kisha kumfungua wakati ndama akiletwa mbele yake, ili ile nafuu ya ghafla aione kama amezaa upya. Hukumbusha kwa ajabu yale ya kondoo wa Cambridge, na yamkini ndiyo maana zilifanya kazi. Hata hivyo ni mateso, huleta vidonda, na mwandishi wa makala hii hamshauri yeyote azitumie. Huko Mongolia wafugaji wa ngamia wenye nundu mbili humwimbia mama na kumpigia ala ya nyuzi, pengine kwa saa nyingi, mpaka amkubali ndama. Mwaka 2015 shirika la UNESCO liliiorodhesha desturi hiyo miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Anayedhani kumwimbia ngamia ni ushamba na ajue hayuko peke yake duniani anayeimba.

Linda mikono yako

Sasa tumgeukie binadamu. Mtu anayemsaidia mtamba huloweka mikono katika majimaji ya uzazi, na humo ndimo vijidudu vya bruselosi hujaa iwapo mnyama ana ugonjwa huo. Kwa mtu, bruselosi huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu wa miezi. Wengi hutibiwa malaria mara tatu nne kabla ya kupimwa inavyopaswa. Glavu ni bei rahisi kuliko matibabu hayo. Zikikosekana, mifuko ya plastiki mizito ivaliwe mikononi, kisha kunawa kwa sabuni. Mama mja mzito asisaidie kabisa kazi hiyo. Zalio lizikwe kwa kina au lichomwe, mbwa na fisi wasilitawanye. Likikaa tumboni mwa ngamia nusu siku bila kutoka, lisivutwe kwa nguvu, aitwe daktari.

Mtamba akitupa mimba, na hasa ngamia, kondoo na mbuzi wengi wakitupa mimba kwa pamoja baada ya mvua kubwa, hatari ni nyingine. Homa ya Bonde la Ufa iliikumba Garissa na maeneo jirani mwaka 1997 na 1998, ikarudi mwishoni mwa 2006 na kuua watu zaidi ya 100 nchini kabla ya kukoma mwaka 2007. Mwaka 2018 ilizuka Wajir, katika eneo la Eldas lililo jirani na Griftu. Katika hali hiyo asiguse mtu mizoga wala vilivyotoka tumboni, asichinje mnyama mgonjwa kwa kuogopa hasara, na taarifa ifike ofisi ya mifugo siku hiyo hiyo.

Kuhusu maziwa, wapenzi wengi wa maziwa ya ngamia mjini huyataka mabichi, au yaliyogandishwa, wakiamini moto huyaharibu. Moto hupunguza vitu vichache na kuua vijidudu vya bruselosi. Kuganda hakuvimalizi. Yachemshwe mpaka yatokote, hasa ya watoto na wajawazito.

Kabla ya mtamba mwingine kuzaa

Mwuza nguo wetu wa Eastleigh huenda ana mtamba wa pili aliye na mimba. Huyo aanze kutayarishwa sasa. Miezi miwili kabla ya kuzaa, mtu mmoja, yule atakayekuja kumkama, amguse kila jioni: kwanza shingo, kisha mbavu, baada ya siku kadhaa tumbo, na mwishowe kiwele, kwa dakika chache tu, akimsemesha. Akiwa malishoni pamoja na majike wanaonyonyesha atazoea pia sauti na harufu ya ndama. Kupe waondolewe mapema. Chumvi ipatikane. Dawa ya iodini, glavu, chupa na chuchu ya mpira vinunuliwe mjini na kutumwa kwa gari la Wajir kabla mvua hazijakata barabara, pamoja na nambari ya simu ya daktari wa mifugo wa karibu iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi, maana mara nyingi saa inapowadia simu ya mchungaji huwa haina moto.